Sisimizi Wekundu wa Mama Mwita

Wanangu mlioingia kazi ya ugani juzijuzi, kwanza acheni kunitumia picha za wadudu mlizopiga gizani. Juzi mmoja wenu, simtaji, kanitumia kitu chekundu chenye ukungu, chini kaandika, "Shikamoo Bibi, huyu ni nani?" Niligeuza simu juu chini, nikavaa miwani, nikaivua. Hata mama mzazi wa mdudu yule asingemtambua. Nikamjibu marahaba, nikamwambia arudi alipompata, achuchumae, amtazame mpaka miguu ife ganzi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Mimi nimestaafu. Nakaa hapa Bomani, mjini Tarime, nakunywa chai yangu ya rangi bila sukari kwa amri ya daktari, na watu bado wananiita Bibi Shamba. Kwetu ni Kondoa. Serikali ilinileta mkoa huu wa Mara nikiwa msichana, nikajiambia nitakaa kidogo halafu niombe uhamisho. Sikumbuki niliacha lini kuomba.

Mnaniuliza habari za sisimizi wanaochoma, wale wanaojenga karibu na nyumba. Nitawaambia ninachokijua, ila msitegemee kutoka hapa na uhakika mwingi, kwa sababu mimi mwenyewe sina. Kuna boma moja kule Nyamwaga lilinichanganya akili kiasi kwamba hadi leo nikilikumbuka najikuta najikuna.

Tuanze na kujua unashughulika na nani, maana hapo ndipo nilipoanzia kupotea. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mbalibali, upande wa Serengeti. Mwalimu mmoja, mgeni wa mkoa kama mimi, alikuja mbio kusema nyumba yake imevamiwa na siafu. Nikabeba bomba la dawa mgongoni, jua kali, buti hazinitoshi. Kufika, naona majimoto, wale wanaoshona majani ya mti kuwa nyumba, kwenye mchungwa ulioinamia dirisha lake. Tulikata tawi, kazi ikaisha. Haukupita muda mama mmoja akaniambia ana majimoto jikoni. Safari hiyo nikabeba panga badala ya bomba. Kufika, ni siafu wenyewe, safu nene kama kamba ya kufungia ng'ombe, imeingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Nikasimama pale na panga langu sijui nimkate nani.

Aliyeniokoa ni Mzee Wambura, mkuu wangu wa kazi, Mwikoma wa hapohapo, mtu mfupi asiyekuwa na haraka na kitu chochote. Alinikuta nimeduwaa. "Zuhura," akasema, "toa mtoto, toa kuku, fungua milango, halafu nenda kanywe uji kwa jirani. Hawa wanapita." Kweli walipita. Jioni mama yule alirudi akakuta nyumba haina mende, haina panya, na mimi nimeshiba uji wa watu.

Kwa hiyo siafu ni wapita njia. Wana askari wenye vichwa vikubwa, na akikung'ata ukamvuta, mwili unatoka kichwa kinabaki. Majimoto ni watu wa juu ya mti. Hawa ninaowasema leo ni wa tatu: wadogo, wekundu wa kahawia, wanakaa ardhini kwenye udongo laini uliochimbuliwa na unaopigwa jua. Huwaoni. Wanakupanda mguuni kimyakimya, halafu wanachoma wote kwa pamoja utafikiri wamepeana ishara. Anakushika kwa meno kisha anakuchoma kwa mkia, na baadaye panatoka kipele chenye maji. Wengine wanawaita sisimizi moto, wengine wanawaita majimoto na kuzidi kutuchanganya, na Wakurya na Wajaluo wana majina yao ambayo nilijifunza yote nikayavuruga yote. Msing'ang'anie jina. Muulizeni mtu wanakaa wapi, wanatembeaje, na alipochomwa panafananaje siku ya pili.

Jambo jingine alilonifundisha Mzee Wambura ni vipande vyake vya jani la mgomba. Kabla hajagusa dawa, alikuwa anaweka chini vipande vitatu: kimoja sukari kidogo, kimoja mafuta ya kupikia, kimoja vumbi la dagaa. Kisha anakaa kwenye kigoda chake na kusubiri. "Ujue wanataka nini leo," alikuwa anasema. "Si jana. Leo." Nilikuwa nikimcheka moyoni, kwa sababu wakati ule ofisi ilikuwa na dawa ya unga iliyokuwa inaua kila kitu, mdudu, kuku na pengine hata sisi wenyewe, na hakuna aliyeuliza mdudu anapenda nini. Dawa zile zimepigwa marufuku sasa. Kigoda cha Mzee Wambura hakijapigwa marufuku.

Haya, Nyamwaga.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu nilipopigiwa simu na kijana anaitwa Mwita, anauza vipuri vya pikipiki Sirari, pale mpakani, na maneno yake nusu yamevuka ng'ambo. "Madam, hawa wadudu wametushinda kabisa," akasema. "Wameuma mtoto wangu akafura uso wote. Mimi nimeamua, tukishavuna tu mahindi mama anahamia kwangu Sirari, hiyo boma tunafunga. Lakini amekataa, ati mpaka Bibi Shamba aone. Si ukuje uone basi tumalizane."

Mama yake, Mama Mwita, alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Chacha, kama msimu mmoja nyuma. Alikuwa anaishi peke yake na mjukuu, Robhi, binti wa Mwita, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Siku aliyochomwa, Robhi aliketi chini uani, akaketi juu yao. Midomo ilivimba, akaanza kuvuta pumzi kwa shida. Mama Mwita alimbeba mgongoni akakimbia naye hadi zahanati, wakamchoma sindano akapona. Muuguzi akamwambia mara ya pili huenda ikawa mbaya zaidi. Na ninyi mlijue hilo: mtu akichomwa akavimba midomo au pumzi ikawa nzito, msihangaike na majivu wala vitunguu, kimbieni naye kwenye matibabu.

Basi Robhi akachukuliwa Sirari, na bibi yake akawa anasubiriwa afuate. Nilimkuta amekaa mlangoni, mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cheusi kichwani. Alinitazama buti mpaka juu.

"Wewe ndiye Bibi Shamba?"

"Ndiye mimi, shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi sitoki hapa. Nimeletwa hapa na ng'ombe za mahari za baba yake Chacha, na Chacha amelala hapa. Sirari nitakuwa mgeni wa mkwe wangu. Toa hiyo wadudu nibaki."

Nikasema nitawatoa. Ndivyo tunavyosema.

Kweli walikuwepo: mstari mwembamba unaotoka jikoni, unapita chini ya kichanja cha vyombo, unakata uani, halafu unapotelea kwenye majani. Niliufuata nimeinama hadi kiuno kikagoma. Kwenye migomba nikaona kichuguu kizuri, kimevimba, nikasema leo nimewapata. Kwa kichuguu cha sisimizi wekundu, maji yanayochemka bado ni dawa nzuri sana: mwagia asubuhi wakiwa wamepanda karibu na juu, polepole, katikati, watoto wakiwa mbali na miguu yako ndani ya buti, na si karibu na mizizi ya mmea unaoupenda. Petroli msithubutu, inachoma ardhi na kuharibu maji ya kisima. Nikachemsha sufuria, nikamwaga. Mama Mwita alitoka ndani mbio.

"Bibi Shamba! Umeniulia kumbikumbi yangu!"

Kilikuwa kichuguu cha mchwa. Kila mvua za kwanza alikuwa anakifunika na blanketi, anavuna kumbikumbi, anakaanga, anawapelekea mpaka majirani. Nami nilikuwa nimekipika kabla ya msimu. Kwa hiyo siku ya kwanza niliwaacha adui wazima na kumaliza kitoweo cha mwenye nyumba.

Siku iliyofuata niliufuata mstari ule kwa magoti, na safari hii ukanipeleka mahali ambapo sikutaka kufika. Pembeni mwa nyumba ya jikoni kulikuwa na kaburi la Mzee Chacha, udongo bado mwekundu, mawe yamepangwa kuzunguka, msalaba wa mbao. Udongo laini, umechimbuliwa, unapigwa jua kutwa. Kama ningekuwa sisimizi, hata mimi ningejenga pale. Walikuwa wanaingia upande wa kichwa, mamia kwa mamia.

Mwita alikuwa amekuja siku hiyo. Akakuna kidevu, akasema kwa sauti ya chini, "Maji moto, madam? Kidogo tu?"

Mama yake alikuwa amesikia. "Mwita, umwagie baba yako maji ya moto? Mtu amelala, wewe unataka kumchemsha?"

Mwita akatazama viatu vyake. Nami nikatazama vya kwangu. Katika mafunzo yote niliyopitia hakuna aliyewahi kunifundisha cha kufanya mdudu akijenga kwenye baba wa mtu.

Nikawaza chambo. Siku hizi mnakipata maduka ya pembejeo: chakula kilichotiwa sumu kidogo inayochelewa, ili mdudu asife njiani bali aubebe mzigo hadi nyumbani, walishane, umfikie malkia. Soma maelezo ya pakiti na uyafuate. Usiweke kabla ya mvua, na usipulize dawa nyingine papo hapo, maana ukiua wabebaji nani atapeleka? Dukani nilipata cha sukari tu, nikakiweka ndani ya makopo yaliyotobolewa matundu madogo, nikayafunika kwa vipande vya bati na mawe juu, kuku wasidonoe. Niliyaweka njiani kwao, mbali kidogo na kaburi, na nikamweleza Mama Mwita kila kitu. Alisikiliza kwa makini.

"Kwa hiyo wanabeba sumu, wanaingia nayo kule ndani."

"Ndiyo, mama."

"Inafika kwake?"

"Kwa malkia? Inafika."

"Kwa Chacha."

Nikamwambia hapana, wao hawaendi chini kiasi hicho. Nilisema kwa uhakika ambao sikuwa nao, kwa sababu ukweli sijui sisimizi wanakwenda chini kiasi gani, na sikuwa tayari kuchimba ili nijue.

Walipungua. Mstari ukakatika, nikajisifu ofisini, nikanunuliwa soda. Baada ya majuma machache Mwita akapiga: wamerudi. Nikaweka tena, wakapungua, wakarudi. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani. Mwita alikuwa ameshapata mtu wa kununua ng'ombe, na Mama Mwita kila nikifika alikuwa ananipokea kwa upole zaidi, na upole ule ulinitisha kuliko kama angenitukana.

Hapo ndipo nilipokumbuka vipande vya jani la mgomba. Nikakaa kwenye kigoda, umri wangu ule, nikaweka sukari, mafuta na dagaa. Kwenye dagaa wakajaa. Kwenye mafuta wakajaa. Sukari hakuna aliyeigusa. Mmoja aliisogelea, akapapasa kidogo, akaendelea na safari yake kama mtu aliyetoka harusini. Nikabadilisha sukari nikidhani nimeweka chumvi. Nikaonja, ilikuwa sukari. Nikawahamishia karibu, wakaikwepa wakapita.

Wanangu, sisimizi anayekataa sukari ameshiba sukari. Lakini ya wapi? Nilikagua ndizi, zote mbichi. Nikageuza majani ya maharage kutafuta vidukari, wale wadudu wadogo ambao sisimizi huwakamua utamu, sikuona. Miwa hakuna. Nikamuuliza Mama Mwita anaweka wapi sukari yake, akanionyesha kopo, kifuniko kimekaza barabara.

"Na mimi siitumii," akasema. "Chai yangu nakunywa hivihivi."

Nikampigia Mwita kumwuliza kama mama yake hana mazoea ya kupikia wageni. "Wageni gani?" akasema. "Lakini sukari ananiagiza kila nikikuja, madam, mpaka mke wangu anashangaa. Huyo mama anaimaliza na nani?"

Nilikata simu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilipoanza. Mwanamke mmoja, peke yake, hatumii sukari, na sukari inaisha.

Usiku huo nililala kwake kwa sababu gari la mwisho lilikuwa limeondoka. Alfajiri niliamka kuswali, na nilipokuwa nakunja mkeka nikasikia vikombe jikoni. Nikachungulia. Mama Mwita alitoka na vikombe viwili vinavyofuka moshi, akaenda kaburini. Kimoja akakiweka juu ya jiwe, chake. Cha pili akakimimina polepole upande wa kichwa, huku anaongea Kikurya kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake bila kutaka kumshtua. Kisha akanywa chake amesimama. Niliona sisimizi wakipanda juu ya udongo ule uliolowa, na hawakumgusa mguu.

Nilitoka. Sikujua nianze na neno gani, nikaanza na shikamoo.

Hakushtuka. "Marahaba. Kanisani wasijue," akasema. "Watasema nimerudi kwa mizimu. Mimi siabudu mtu. Nampa chai tu."

"Kila siku, mama?"

"Chacha alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari aliniambia mimi, hakumwambia yeye: mama, sukari marufuku. Nikaficha kopo. Alikuwa ananiomba kama mtoto. Mtu mzima, mwenye ng'ombe zake, ananiambia, 'Mke wangu, kijiko kimoja.' Nikamnyima. Asubuhi ya mwisho aliomba, nikamwambia kesho." Alitazama kikombe. "Sasa daktari hayupo. Nampa."

Nililia, sifichi. Nilikuwa nimekuja na makopo na mabati, na sasa nilijua hasa sukari ilikokuwa inatoka, na sikutaka kujua. Aliuona uso wangu, na hakuwa mtu wa kudanganywa.

"Ndiyo inawaleta?"

"Sina hakika, mama." Na kweli sikuwa na hakika. "Lakini nafikiri ndiyo inawashibisha."

"Kwa hiyo nikitaka nibaki karibu naye, nimnyime tena."

Ningefanya nini? Nilifungua mdomo, nikasema jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema kazini. Nikasema, "Labda umpe isiyo na sukari."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko kirefu mpaka akashika msalaba asianguke. "Hiyo aliikataa akiwa hai, Bibi Shamba!" Nami nikacheka huku machozi yananitoka, wanawake wawili kaburini kabla ya jua, na sisimizi wanatupanda.

Hakuniambia alichoamua. Niliweka chambo kipya nikarudi Tarime. Mahindi yalivunwa. Nilingoja Mwita anipigie kuniambia wamefunga boma, na alipopiga nikaogopa kupokea. "Madam," akasema, "hakuna hata mmoja. Nimekaa hapo chini mwenyewe, na suruali yangu nzuri. Ulifanyaje?"

Sijui nilifanyaje, wanangu. Inawezekana ni chambo, maana safari hiyo hawakuwa na karamu nyingine. Inawezekana ni chai kukatwa. Mvua nazo zilinyesha kwa fujo majuma yale na udongo wa kaburi ukashikamana. Mwita alishalijengea kaburi saruji juu baadaye, basi hata ushahidi haupo. Mkiulizwa, semeni Bibi Shamba alisema tazameni kwanza wanachokula, na mengine hakuyaelewa. Ng'ombe hawakuuzwa. Robhi alirudi kwa bibi yake, sasa anakimbia uani peku, naye Mwita bado anamletea mama yake sukari bila kuuliza tena.

Maana sukari bado inaisha. Nilipita Nyamwaga kumsalimia, asubuhi mapema, nikamkuta ameweka vikombe viwili kwenye meza ndogo nje, karibu na saruji ile. Kimoja hakina sukari, chake. Cha pili akanisogezea mimi. Muuza maziwa akiwahi kupita, hupewa yeye. Mchungaji mwenyewe alishakinywa akasifia. Kila asubuhi yupo mtu.

"Kunywa, Bibi Shamba," akaniambia. "Yote. Usiache chini."

Ilikuwa tamu kiasi cha kuuma meno. Naijua amri ya daktari wangu, naijua vizuri sana, na kila nikienda Nyamwaga nakunywa kikombe kile hadi mwisho. Sijamwambia Mama Mwita kwamba na mimi nimekatazwa. Nikimwambia itambidi aninyime.